Kosa la Anders si lile tunalobishania

Tangu gemu ya Dragon Age II itoke mwaka 2011, wachezaji hawajaacha kugombana juu ya mtu mmoja aliyeketi kwenye sanduku, kawapa wenzake mgongo, anasubiri kuambiwa kama atakufa au ataishi. Mtu huyo ni Anders, mchawi na tabibu aliyetembea nasi karibu gemu nzima. Muda mfupi kabla ya hapo amelipua Chantry (nyumba kuu ya ibada) ya mji wa Kirkwall, akamuua Mama Mkuu Elthina pamoja na kila aliyekuwamo. Kisu anacho Hawke, mhusika mkuu tunayemwendesha, maana yake kiko mkononi mwa mchezaji. (Ambaye hajaicheza na bado anataka kuicheza, aishie hapa. Siwezi kulizungumza jambo hili bila kuufichua mwisho.)

Ugomvi wenyewe una pande mbili zinazojulikana. Wapo wanaosema Anders ni mpigania uhuru: wachawi walifungwa kizazi baada ya kizazi, waliomba wakapuuzwa, hatimaye akatokea mmoja aliyethubutu. Wapo wanaosema ni gaidi, aliua watu ndani ya nyumba ya ibada, na baada ya hapo hakuna la kuzungumza. Nimezisikiliza hoja za pande zote na naona zinajibu swali lilelile: je, wachawi walidhulumiwa kiasi cha kuhalalisha umwagaji damu? Ni swali zito, lakini ni swali la Thedas nzima, ulimwengu wa hadithi hii. Anders alikuwa mwandani wetu, aliyepigana ubavuni mwetu na kutibu majeraha yetu, na mwandani ana kipimo chake: amewafanya nini waliomwamini, na amewafanya nini wale aliosema anawapigania? Nikimpima hivyo, hukumu yangu inakuwa kali kuliko ya wengi wanaomchukia. Hata hivyo kisu sikitaki, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na lile ambalo kwangu halina ubishi. Wachawi wa Kirkwall walidhulumiwa. Katika ulimwengu ule mtoto akionyesha dalili za uchawi hutolewa kwa wazazi wake na kupelekwa kwenye Duara, makao ya wachawi, akaishi humo chini ya ulinzi wa Matempla, askari wa Chantry. Damu yake huwekwa ndani ya kichupa ili akitoroka afuatwe popote alipo. Anders mwenyewe alitoroka mara saba, na aliwahi kufungiwa peke yake mwaka mzima. Tena kuna adhabu inayotisha kuliko kifo, ile ya kutiwa Utulivu: mchawi hukatwa na ndoto zake, na pamoja na ndoto huondoka furaha, huzuni, hasira, mapenzi, kila kitu kinachomfanya atake hiki na akatae kile. Anabaki mtu mpole anayetii, anazungumza kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

Gemu haituelezi hili kwa maneno matupu. Mwanzoni kabisa, Anders anatuomba tumsindikize usiku kwenda kukutana na Karl, rafiki ambaye Anders alikuja Kirkwall kwa ajili yake. Tunaingia, Karl amesimama, anageuka, na kwenye paji la uso wake pana alama ya Utulivu. Ni mtego wa Matempla. Katika mapambano yale roho anayeishi ndani ya Anders anajitokeza, na kwa dakika chache nguvu zake zinamrudishia Karl nafsi yake. Anaitumia nafasi hiyo kuomba jambo moja tu, auawe kabla hajapotea tena. Nani angelitazama hilo akabaki upande wa Matempla? Mimi sikubaki. Na ukumbi ambamo Karl anakufa ni ukumbi wa Chantry, jengo lilelile ambalo Anders atakuja kulilipua miaka kadhaa baadaye. Walioiandika gemu hii walijua wanachofanya walipopachagua mahali pale.

Kwa hiyo hasira ya Anders ina msingi. Anayetaka kumhukumu bila kuikubali hasira hiyo hajasikiliza kesi.

Utetezi wa kwanza unaotolewa ni kwamba si yeye aliyetenda. Ndani yake anaishi Justice, roho wa haki, na hasira ya Anders imemgeuza roho yule kuwa kitu kinachofanana zaidi na kisasi. Utetezi huu una uzito kwa mtu aliyemfahamu Anders wa Awakening, nyongeza ya gemu ya kwanza iliyotoka mwaka 2010. Yule alikuwa kijana mcheshi, amebeba paka kwenye mkoba, na alichodai duniani ni msichana mrembo, chakula cha maana na haki ya kuwapiga wapumbavu kwa radi. Siasa hakuitaka. Tukikutana naye tena Kirkwall, uso umekonda na mzaha umekauka. Kukubali kuishi na Justice kulimwondolea kitu, na inauma kuona.

Lakini gemu yenyewe inatupa mfano wa roho kumtawala Anders, na mfano huo hauendani na mlipuko. Tunamfuata chini ya ngome ya Gallows, wanamokaa wachawi wa Duara la Kirkwall, kumtafuta Templa mmoja, Ser Alrik, mwenye mpango wa kuwatia Utulivu wachawi wote. Tunamkuta akimtishia msichana mchawi aitwaye Ella. Baada ya Alrik na watu wake kuuawa, roho hataki kutulia. Ella anaogopa kile anachokiona, anamwita pepo, na Anders anamgeukia yeye. Tusipofaulu kumzuia kwa maneno, anamuua mtoto yuleyule aliyekuja kumwokoa. Hiyo ndiyo sura ya mtu aliyetawaliwa: hakupanga, hakuchagua, na akizinduka anajichukia kiasi cha kukimbia. Hapo namwonea huruma yote niliyo nayo.

Sasa tazama jambo la Chantry lilivyokwenda. Lilihitaji muda, vifaa na uongo uliotungwa vizuri. Anders anamfuata Hawke na habari njema kwamba amegundua dawa ya kumtenganisha na Justice bila kumuua yeyote kati yao. Anahitaji vitu viwili, sela petrae na drakestone. Kimoja kinachokolewa kwenye mifereji michafu chini ya mji, kingine kinatafutwa mgodini. Tunakwenda, tunainama kwenye uchafu, tunapigana na kila kinachotuzuia, tunamletea. Halafu anaomba jambo la tatu: twende Chantry, tumshike Mama Mkuu kwa mazungumzo, yeye aingie mahali fulani afanye jambo fulani. Ukimuuliza ni jambo gani, hasemi. Ukimbana, anakuomba umwamini.

Hapa ndipo naliona kosa lake, na nashangaa jinsi mabishano yanavyopapita haraka. Dawa ile haikuwapo. Vitu tulivyovikusanya vilikuwa vya baruti, na dakika tulizozungumza na Elthina, tukiuliza maswali ya kupoteza muda na yeye akijibu kwa utaratibu, ndizo Anders alizozitumia kumwandalia kifo chake. Kikulacho ki nguoni mwako. Anders hakutuambia uongo juu ya jambo dogo la pembeni. Alichukua kitu tulichokitamani kwa ajili yake, kwamba apone na awe huru na mzigo wake, akakigeuza kuwa chambo. Alijua Hawke angekwenda mgodini kwa sababu Hawke anamjali. Kadiri ulivyompenda ndivyo ulivyokuwa rahisi kutumika. Na mchezaji aliyechagua kumpenda hasa, aliyemfungulia nyumba yake, alitumika kuliko wote.

Kitu hiki kinafanya kazi ndani ya gemu kwa namna ambayo hadithi ya kusomwa ingepata taabu kuifikia. Gemu za aina hii zimetufundisha desturi: mwandani akileta ombi, unakubali. Ombi la mwandani ndilo mlango wa kumjua na wa kupata uaminifu wake vita vya mwisho vikija. Hatuulizi sana, tunafungua orodha ya kazi, tunafuata alama kwenye ramani, tunarudi kupokea shukrani. Anders alipita katika mlango huohuo. Aliyesitasita anaweza kumkatalia, na akimkatalia Anders anaendelea peke yake na Chantry inalipuka vilevile, kwa hiyo mkono wetu haukuwa wa lazima hata kwa mpango wenyewe. Ulikuwa msaada tu. Alikuwa tayari kumtia rafiki damu mikononi bila kumwambia, kwa ajili ya wepesi wa kazi.

Watetezi wake husema alificha ili kumlinda Hawke, asiwe na hatia. Sikubali. Mtu anayetaka kukulinda na hatia hakutumi kutafuta baruti. Angekuweka mbali kabisa, angegombana nawe, angekukimbia. Anders alitaka faida ya kuwa na rafiki bila gharama ya kumweleza, maana kumweleza kungempa Hawke nafasi ya kusema hapana.

Na hapo tunafika kwenye kiini cha mashtaka yangu. Uovu wa Utulivu ni kumnyang'anya mtu uwezo wa kutaka na kukataa. Anders aliuona kwa Karl, akauchukia, akaufanya sababu ya maisha yake. Kisha akamnyang'anya Hawke nafasi ya kukataa, na baada ya Hawke akawanyang'anya wachawi wote wa Gallows.

Kumbuka jinsi siku yenyewe ilivyokwenda. Kamanda wa Matempla, Meredith, na kiongozi wa wachawi, Orsino, wanagombana hadharani. Meredith anataka kuupekua mnara wote kwa sababu anawaona kila kona wachawi wa damu, wale wanaotumia damu kwa uchawi. Orsino anakataa, anasema analipeleka jambo hili kwa Mama Mkuu Elthina. Huenda asingesaidiwa. Elthina alikuwa na madaraka juu ya Meredith na kwa miaka yote hakuyatumia, alikaa katikati akiita hali ile amani, na sitaki kumfanya mtakatifu kwa kuwa tu amekufa. Kukaa kwake kimya kuliwagharimu watu kama Karl. Hata hivyo, pale Orsino anapogeuka kwenda kwake, mlango mmoja bado uko wazi. Anders anasimama, anasema Mama Mkuu hawezi kuwasaidia, anapiga fimbo yake chini, na anga la Kirkwall linawaka. Anasema mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba ameiondoa nafasi ya suluhu kwa sababu suluhu haipo.

Kama haipo, kulikuwa na haja gani ya kuiondoa?

Tena yeye alikuwa na ushahidi kwamba ipo, hata iwe nyembamba. Turudi kwa Ser Alrik. Anders alikwenda chini ya Gallows akiamini mpango wa kuwatia wachawi wote Utulivu umetoka juu, kwa Kiongozi Mkuu wa Chantry au kwa Meredith. Karatasi za Alrik zilionyesha kinyume: alipeleka pendekezo lake na likakataliwa, na waliolikataa ni Kiongozi Mkuu huyo pamoja na Meredith mwenyewe. Ukimwonyesha Anders karatasi hizo, anayumba. Kwa muda mfupi anakubali kwamba pengine upande ule kuna watu wa kuzungumza nao. Naiona sehemu hii kuwa muhimu kuliko hotuba zake zote, kwa kuwa ndipo anapokutana na jambo lisiloingia katika picha yake ya dunia. Miaka ikapita, picha ikashinda karatasi.

Jibu la Meredith kwa mlipuko lilikuwa kuamuru Duara lote lifutwe, kila mchawi auawe, hata watoto. Wachawi wa Gallows hawakulipua kitu. Anders hakuwa mkazi wa Gallows wala hakuwauliza waliokuwa wakiishi humo. Kati yao walikuwapo waliotaka vita, waliotaka kutoroka, waliotaka mageuzi, na waliokuwa tayari kuvumilia ilimradi wanafunzi wao wadogo wapate kukua. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuamua ni kwa lipi atahatarisha uhai wake, na Anders aliwachagulia wote kwa pigo moja la fimbo. Tukiingia Gallows usiku ule tunapita juu ya maiti zao. Wengine walikufa wakipigana, wengine walijigeuza madubwana kwa kukata tamaa, na Orsino mwenyewe akaishia kuwa dubwana. Uhuru waliopewa ulikuwa wa kuchagua namna ya kufa.

Najua jibu linalokuja hapa, kwamba Meredith angewaua hata bila Anders. Panga lake la lyrium nyekundu, madini ya kichawi, lilikuwa limeshaanza kuila akili yake, na siku yoyote angepata kisingizio. Nalikubali jambo hilo kwa uzito wake. Lakini kama ni kweli, basi aliyempa kisingizio alichokuwa anakitafuta, tena hadharani mbele ya mji mzima, aliwafanyia wachawi jambo la hatari kuliko ukimya wa Elthina. Mtu anayejua kwamba adui yake anatafuta sababu ya kuua hampelekei sababu hiyo.

Nimesema hukumu yangu ni kali, na wengi wanaoifikia hukumu kama hii husukumwa moja kwa moja kwenye kisu. Kabla ya kufika huko inafaa tutazame ni nini hasa kinachoongoza mkono wa mchezaji pale kwenye sanduku, kwa sababu mara nyingi haki haimo. Anders ndiye tabibu. Merrill, mchawi mwingine katika kundi letu, hana tiba, na vita ngumu kuliko zote viko mbele. Wapo wanaomsamehe kwa sababu hiyo tu. Wapo wanaomsamehe kwa sababu ni mpenzi wao, na wapo wanaomuua kwa sababu hawakumpenda tangu mwanzo na sasa wamepata ruhusa. Mapenzi na faida vinavaa joho la hakimu, na gemu haituzuii.

Jambo hili haliko kwa Anders peke yake. Baldur's Gate 3 ilipotoka mwaka 2023, mwandani wake Astarion akawa kipenzi cha wengi, na utetezi wake mkuu ni mateso: karne mbili chini ya bwana aliyemtesa na kumtuma kuwavuta watu kwenye kifo. Mateso hayo ni ya kweli na yanaeleza mengi. Lakini waliovutwa wamo gerezani chini ya jumba la bwana yule, maelfu, na Astarion anapofikia nafasi ya kuwatoa kafara 7,000 ili apate nguvu, wapo wachezaji wanaomsaidia kwa sababu wamemzoea na wanataka apate anachokitaka. Tumekaa naye kambini saa nyingi, wale 7,000 hatuna majina yao. Wachawi wa Gallows nao tuliwajua wachache. Ukaribu unatudanganya juu ya nani anastahili kuhesabiwa, na gemu zenye wandani wazuri ndizo zinazotudanganya zaidi, maana zimefaulu kutufanya tupende.

Kuna jingine ambalo Dragon Age ililionyesha vizuri tangu gemu ya kwanza, ile ya mwaka 2009. Jemadari Loghain alimwacha mfalme wake na Grey Wardens, kikosi cha wapiganaji, wafe vitani Ostagar, na baadaye akawaruhusu wafanyabiashara wa watumwa kuwanunua watu wa jamii ya Elfu (elves) wa mji wa Denerim. Ukiamua kumwacha hai na kumwingiza kundini, mwandani wako Alistair, aliyefiwa Ostagar na mtu aliyemhesabu kama baba, anaondoka. Hataki kusikia hoja. Huruma yako kwa Loghain imelipiwa na Alistair. Ndivyo ilivyo kwa Sebastian, mwandani mwingine wa Hawke, katika gemu ya pili. Alilelewa na Elthina kiroho, anadai Anders afe palepale, na ukikataa anaondoka akiapa kurudi na jeshi. Anayemwacha Anders hai lazima amtazame Sebastian usoni. Sebastian ni mgumu, ana haraka na kiapo chake kinatisha, lakini kati ya watu wote waliosimama pale yeye ndiye anayezungumza kwa niaba ya waliokufa. Haki yake ya kukasirika ni kubwa kuliko haki yetu ya kusamehe. Sisi hatukufiwa na mtu ndani ya Chantry.

Nakumbuka pia nani anatusimulia haya yote. Gemu nzima ni maelezo ya Varric mbele ya Cassandra anayemhoji, na Varric ni rafiki wa Hawke, mtunzi wa hadithi ambaye amekwisha kukamatwa akitia chumvi. Tunachokijua juu ya Anders kimepitia kinywani kwa mtu aliyecheza naye karata. Sidhani Varric amembadilisha Anders kuwa mwema zaidi, maana uchungu unasikika katika sauti yake. Lakini ni sababu nyingine ya kutojiamini sana tunapodhani tumeuona moyo wa mtu.

Basi kisu. Siuungi mkono uamuzi wa kumuua, na sababu yangu ya kwanza iko kwa Anders mwenyewe: anakitaka. Amekaa akiwa tayari, amekwisha kujipangia nafasi ya shahidi, na kifo mkononi mwa rafiki kinamalizia vizuri hadithi anayoisimulia juu yake mwenyewe. Kila kitu katika mpango wake kilikuwa uamuzi wake, na hata kifo chake kingekuwa uamuzi wake wa mwisho anaoutekeleza kupitia mkono wa Hawke, kama ule wa mgodini na ule wa mazungumzo na Elthina. Kwa mara nyingine tungekuwa chombo. Sababu ya pili ni kwamba kumchoma mtu kisu mgongoni katika nusu saa ya hasira, bila aliyefiwa kupata kuuliza swali wala muuaji kulazimika kujibu, hakufanani na hukumu. Kirkwall usiku ule haikuwa na mahakama, ni kweli. Hilo linatudai tujizuie zaidi.

Kumwambia aondoke nako sikupendi. Akiondoka, Gallows inaungua nyuma yake na yeye haioni.

Kinachobaki ni kumchukua. Wengi huchukulia kwamba kumwacha Anders kundini ni kumsamehe, na ndiyo maana wasiomsamehe hawaigusi njia hii. Mimi naiona kuwa nzito kuliko zote kwake. Anapita nasi kwenye kila chumba cha Gallows, anawaona wanafunzi aliodai kuwakomboa, anatibu anayeweza kutibika na anasimama kati yao na Matempla hadi mwisho. Analazimika kuishi ndani ya matokeo, jambo ambalo kifo kingemwepusha nalo.

Na aliyetembea naye kwa ubishi miaka yote ana nafasi ambayo rafiki mpole hana. Dragon Age II ina kipimo cha urafiki na kipimo cha upinzani, na upinzani si uadui, ni mwandani anayebaki nawe huku mkipingana. Anders aliyepingwa tangu mwanzo, aliyeambiwa mara kwa mara kwamba roho yake imegeuka kisasi, anafika mwisho akiwa amejaa shaka. Anaweza hata kukiri kwamba alikosea, na anaweza kushawishika kupigana upande ambao hakuwahi kuufikiria. Yule aliyeungwa mkono kwa kila neno hafiki huko. Naiona njia ya upinzani kuwa ndiyo iliyompenda Anders zaidi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyomtendea kama mtu anayeweza kujibu. Aliyeicheza gemu kwa kumkubalia kila kitu, kisha akamchoma kisu mwishoni kwa kusalitiwa, hakuwahi kumpa Anders nafasi ya kusikia hapana. Na Anders naye hakumpa Hawke nafasi hiyo.

Sebastian bado ameondoka, na jeshi lake ni tishio la kweli. Sina jibu la kumtuliza, na sidhani anastahili kutulizwa. Ningemwambia Anders yuko wapi, na kwamba akirudi atamkuta hai wa kujibu.